Mkalimani Aliyetangulia

Miezi minane ya ukalimani ilikuwa imemharibu Cleophas, ila hakujua. Ulikuwa mwaka wa 1964, mashamba ya wazungu kule Lugari yanagawiwa, na meza ya maombi ilikuwa hapa Kakamega mjini. Afisa Kiprop alikuwa Mnandi, Kiluhya hakijui. Wajane wa Maragoli nao Kiswahili hawakijui. Kila mmoja wao alisema yaleyale: mume amefariki, nina mtoto wa kiume, yeye ndiye atalima. Alipofika mjane wa kumi, Cleophas alishajua neno linalofuata. Alipofika wa hamsini, alikuwa akilitafsiri kabla halijatamkwa, na Kiprop akamsifu kwa wepesi. Mazoea yana taabu, lakini nani huiona taabu akiwa anasifiwa?

Asubuhi moja aliingia mjane aitwaye Mideva, viatu alivyovibeba njia nzima akivivalia mlangoni.

"Mume wangu alikufa," alisema kwa Kiluhya cha Kimaragoli. "Nilikuwa na mtoto wa kiume..."

"Mume amefariki," Cleophas akadakia mama akiwa bado anasema, "ana mtoto wa kiume, yeye ndiye atalima."

"Anaitwa nani?" Kiprop akauliza.

Cleophas akalipeleka swali. Mideva alimtazama sana kabla ya kujibu. "Protus."

Kiprop akaandika. "Shamba litakuwa la Protus. Ijumaa aje atie kidole. Asipokuja, linakwenda kwa mwingine."

Cleophas alipomgeukia mama amweleze, alimkuta analia.

"Mwanangu, jina la marehemu la nini? Si nimekuambia nilimzika mwaka jana? Nitalima mwenyewe, kama nilivyolima siku zote."

Kweli Cleophas alikuwa ameambiwa, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wa sentensi, anamsubiri huko. Kiprop alishaonya kwamba mkalimani akikosea mara moja anarudi kwao, na Cleophas alikuwa na mke mjamzito. Angeweza kunyamaza. Lakini Ijumaa ingefika, na Protus asingefika. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Bwana afisa, futa," alisema. "Huyo mtoto alikufa. Aliyesema mtoto ndiye atalima ni mimi, si huyu mama."

Kalamu ikasimama. "Sasa atalima nani?"

Safari hii Cleophas alingoja. Mideva alisema, akanyamaza, akafuta pua, akaendelea. Alipomaliza kabisa ndipo Cleophas akafungua kinywa: mama atalima kwa mikono yake, amelisha watoto kwenye kilima cha mawe tupu, na shamba analitaka kwa jina lake mwenyewe.

Kiprop alifuta Protus, akaandika Mideva, akamsogezea wino. Mama alitia kidole na kutoka akishukuru. Cleophas akashusha pumzi.

Lakini Kiprop hakumwita mwingine. Alifungua kabati, akatoa rundo la fomu za miezi minane na kuliweka mezani.

"Hawa wajane wote," aliuliza taratibu, "wangapi walisema wana watoto wa kiume, na wangapi umewazalia wewe?"

Cleophas alizitazama zile fomu. Nyuso alizikumbuka, karibu zote. Maneno yao hakukumbuka hata moja.