Kidole Kidevuni

Mama Kidoti alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akavua viatu mlangoni, akakuta pazia limefungwa kwenye mguu wa kiti, mguu wa kiti umefungwa kwenye mpini wa sufuria, na sufuria imefungwa kwenye kitasa. Mafundo yalikuwa madogo, bapa, yaliyokazwa barabara, ya mfumaji anayeunga uzi uliokatika. Kwenye mkeka, katikati ya kazi hiyo, alikaa bikizee amevaa blauzi ya maua ya Mama Kidoti, ileile, ila imepauka.

"Kaingia mchana," alisema Kidoti, binti yake, huku anamenya viazi. "Nimempa chai. Ni wewe huyo, mama. Mtazame dole gumba."

Mama Kidoti akatazama. Kovu alilopewa na mashine ya kufuma lilikuwa palepale lilipo la kwake. Akavuta kigoda akaketi mbele ya uzee wake.

"Shikamoo," alisema, maana mkubwa ni mkubwa hata akiwa ni wewe mwenyewe.

Bikizee hakuitikia. Alikunja vidole viwili, akavikutanisha na kuviachanisha hewani kama mkasi. Hiyo ni lugha ya kiwandani: uzi umekatika, njoo. Katika ukumbi wa kufumia, mashine zinanguruma kiasi kwamba unaweza kumtukana jirani yako na akakushukuru, kwa hiyo wafumaji husemezana kwa mikono. Ngumi kifuani ni kusema simamisha mashine. Kiganja tumboni, njaa inauma. Hata watu wana ishara zao. Meneja ni vidole viwili vinavyopangusa masharubu, na Kidoti, ambaye wafumaji wenzake na mama yake wanamjua kwa kusimuliwa tu, ni kidole kidevuni, pale alipo na doa lake jeusi.

"Na huyu je, unamjua?" Mama Kidoti aliuliza, akimwonyesha binti yake.

Bikizee alimtazama Kidoti kwa adabu zote anazopewa mgeni. "Wewe uko zamu ipi, mwanangu?"

Kidoti alicheka. Halafu akatoka kwenda kuchota maji, ilhali ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Hilo ndilo lililomchoma Mama Kidoti. Kusahau sufuria, sawa. Kusahau njia ya nyumbani, watu wangemrudisha. Lakini kumsahau Kidoti, aliyemlea peke yake toka akiwa wa kubebwa mgongoni, hilo alilikataa palepale, kwa sauti, akiwa bado hajafungua sufuria.

Daktari wa zahanati aliwapokea wote watatu, Kidoti akiwemo, akamkalisha bikizee karibu na dirisha. Alimpima Mama Kidoti presha, akakunja uso, akapima tena. Akampima masikio. Akamuuliza kama anatembea, anakula nini, analala vipi, anaongea na nani.

"Siku hizi wanakuja wengi," alisema daktari. "Huwajia watu wa makamo kama wewe. Presha imepanda na hujui, masikio yamechoka, basi uzee unatangulia kuja kuangalia hali."

"Kwa hiyo ndiyo nishakuwa hivi?"

"Hapana. Haya ni makadirio, si hukumu. Wapo wenye presha na masikio mabovu wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wasio na dosari yoyote wakasahau kila kitu. Ila mzani wako umelalia upande mbaya, na baadhi ya mawe yaliyomo tunaweza kuyatoa." Akaandika dawa. "Masikio ndiyo yanayonitisha. Ubongo usiosikia watu unakosa kazi. Kiwandani hamna vizibo vya masikio?"

"Tumeahidiwa."

"Lini?"

"Nilikuwa sijamzaa huyu," alisema Mama Kidoti, akamwonyesha binti yake.

Basi akajifunga kibwebwe. Dawa ya presha akaimeza kila asubuhi kabla ya chai. Chumvi akaifungia kabatini na ufunguo akampa Kidoti, ambaye hakuwa na huruma. Akawa anatembea kwenda kazini kwa miguu. Akavaa kifaa cha kusikia nyumbani, akagundua kwamba mlango wake unalia na kwamba binti yake huimba anapofua. Vizibo akajinunulia mwenyewe, akavificha chini ya kitambaa cha kichwa.

Kila alasiri bikizee alikuja, na kila alipokuja alikuwa amebadilika kidogo. Mafundo yalipungua. Akaanza kuitikia salamu. Siku moja aliuliza kwa nini mboga haina chumvi, jambo lililowafurahisha wote. Lakini kwa Kidoti bado aliuliza zamu. Mama Kidoti akawa anaketi naye, anamwonyesha binti, anaweka kidole kidevuni. Tena na tena, kama anayemfundisha mfumaji mgeni.

Kisha meneja akaviona vizibo.

"Vua," alisema ofisini kwake. Ofisi hiyo ina dirisha la vioo viwili, na humo ndani hata saa ya ukutani unaisikia. "King'ora cha moto kikilia utakisikiaje?"

"Nimeacha kukisikia zamani, bosi, hata bila vizibo."

"Mbona hakuna mwingine anayelalamika?"

"Huwa unawauliza wapi?"

"Ukumbini."

"Hawakusikii."

Alirudi kwenye mashine yake akawauliza wenzake kwa mikono kama na wao wana wageni nyumbani. Mikono ikainuka safu nzima. Yupo wa yule, yupo wa huyu, mmoja huficha viatu, mwingine hulilia mama yake. Kesho yake wakaja nao wote, wakawakalisha nje ya geti. Wazee wakajaa ukuta mzima, wakikata hewa kwa vidole: uzi umekatika, njoo, uzi umekatika.

Meneja alichungulia. Hakuwa mtu mkatili. Aliagiza mabenchi, na paa la bati la kuwakinga jua.

Siku mabenchi yalipofika, alikuja pia mzee nadhifu mwenye masharubu meupe. Aliwasalimia wafumaji mmoja mmoja kwa majina, akaulizia watoto wao, akakumbuka hata nani aliwahi kuvunjika mkono. Alikuwa uzee wa meneja, na kumbukumbu yake haikuwa na doa.

"Mzee," Mama Kidoti alimuuliza, "vile vizibo vya masikio?"

"Navikumbuka vizuri," alisema mzee kwa upole. "Hatukuvinunua kamwe."

Mama Kidoti alimshukuru kwa kusema kweli. Hasira ilimpanda hadi kooni, akaimeza, kwa sababu daktari alimwonya juu ya presha. Akatoa vizibo vyake mfukoni, akavivaa hadharani, akakaza kitambaa na kuingia ndani kufidia zamu ya mwenzake aliyeugua.

Jioni Kidoti alikuja kumchukua bikizee. Alipita mbele ya mabenchi, na wazee wote wakamkatia hewa kwa vidole. Bikizee wa mwisho, yule wa blauzi ya maua, hakukata hewa. Alimtazama kwa muda, midomo ikitafuta neno isilipate, kisha akainua kidole, akakiweka kidevuni.

Kidoti aliketi pembeni yake. Ndani, mashine zote zilikuwa zinanguruma.