Visahani vya Spiriti Tupu

Pale maabara walimpachika jina Rudia, maana hakuna jaribio lililopita mikononi mwake bila kuambiwa lirudiwe. Msichana aliyemsaidia kazi alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, na alimwita mama mdogo. Sasa dada mtu mwenyewe alikuwa kitandani na uvimbe wa saratani, wa aina ileile waliyokuwa wakiikuza kwenye visahani. Kwa hiyo mpwa alipochungulia hadubini akaona seli zilizotiwa dawa mpya zimenyauka, na zile za kulinganishia, zisizotiwa dawa, zinazidi kujazana, alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

"Mama mdogo! Zimekufa! Mama anapona!"

Rudia akachungulia. Akachungulia tena. Mtu mwingine angeshapiga simu nyumbani, mama huyu, loo, akauliza, "Dawa tuliiyeyusha kwa spiriti. Hizi za kulinganishia uliziwekea nini?"

"Maji ya chumvi."

"Si spiriti?"

Mpwa akatikisa kichwa. Alikuwa amesahau. Kumbe huenda muuaji ni spiriti, dawa yenyewe haina lolote!

"Tusiseme basi," akanong'ona. "Mama anaisubiri. Tumpe tu, atapoteza nini?"

"Nguvu kidogo alizobakiwa nazo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Tunarudia."

Wakarudia, safari hii na visahani vya spiriti tupu. Siku ya majibu, seli za spiriti tupu zilikuwa zimekufa sawasawa na zile za dawa. Mpwa akalia kwa kwikwi. Rudia hakumgombeza hata neno. Alifuta macho yake mwenyewe kwanza, akampigia mkurugenzi wa maabara, ambaye kelele za siku ile zilimfikia na alikwisha kuwatangazia wafadhili kwamba dawa imepatikana. "Tumekosea," akamwambia. "Mkuu wa chumba hiki ni mimi, kwa hiyo kosa ni langu." Mpwa alimpenda siku ile kuliko siku zote.

Jioni wakaenda kwa mgonjwa. Rudia akakaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza yote bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Angekuwa mwingine angeninywesha tu dawa hiyo," dada mtu akasema. "Wewe tangu utotoni hujui kudanganya, ndiyo maana fimbo zote zilikuwa zako." Wakacheka wote watatu, machozi yakiwatiririka.

Kisha akamshika mdogo wake mkono. "Haya, kesho mnajaribu ipi?"