Maneno Yaliyoziba Ekzosi

Alhamisi saa tatu asubuhi Kiunga alikuwa nyuma ya kanisa, pale Ruiri, akikata nyasi za uwanja wa harambee ya Jumamosi, na mashine yake ikawa inazipapasa tu. Ukiiwasha ilinguruma vizuri. Ukiipeleka kwenye nyasi nene sauti ilishuka, ikakohoa, uzi wa kukatia ukazunguka kivivu. Nyasi ziliinama kwa adabu, zikaipisha, halafu zikasimama tena nyuma yake kama waumini baada ya sala.

Kiunga hakuwa mtu wa kukimbilia fundi. Aliketi juu ya jiwe akabadilisha uzi. Akafungua plagi, akaikwangua kwa kisu, akaijaribu: cheche ilikuwa ya buluu, safi. Akamwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Akaosha chujio la hewa kwa sabuni, akalianika kwenye seng'enge.

Likiwa linakauka, alitazama ng'ambo ya barabara. Wawira alikuwa akishusha kibao cha hoteli yake. Wawira alitoka Embu miaka sita iliyopita, akafungua hoteli ya chai na mandazi, na Ruiri yote ilimwita Mama Njuki. Tangu Mei mfereji wa maji ya mradi ulio mbele ya hoteli ulikuwa mkavu, na hoteli ya chai isiyo na maji ni viti tu. Njuki, mwanawe, alikuwa njiani na pikapu aje amrudishe kwao. Angefika saa tisa.

Jambo hilo lilimkwaruza Kiunga mahali. Mwezi wa Aprili, akikata nyasi kando ya hoteli hiyo hiyo, alimwomba Wawira waoane. Mke wake alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Alimwomba mashine ikinguruma, naye amevaa vifuniko vya masikio, maana ujasiri wake wote ulikuwa ndani ya ile kelele. Akaona midomo ya Wawira ikijibu. Hakusikia hata neno moja, na kuuliza tena aliona haya, basi akaendelea kukata nyasi mpaka zikaisha. Tangu siku hiyo Wawira alimpa chai bila kusema kitu, na Kiunga akipita mashine ikinguruma, mama huyo alikunja mikono akaitazama mashine, si mwenye mashine. Kiunga akaamua hiyo ni hapana.

Chujio lilipokauka alilirudisha, akavuta kamba. Mashine ikawaka, ikazipapasa nyasi kama mwanzo. Akaibeba begani hadi kwa Mugambi, fundi wa pikipiki.

Mugambi alifungua tangi, akanusa. "Mzee, kwa lita moja unaweka oili vifuniko vingapi?"

"Vitatu."

"Na imeandikwa kimoja."

"Kimoja ni cha mchoyo. Kitu kinakufanyia kazi kutwa, unakipimia kifuniko kimoja? Kwangu hata mgeni asiyealikwa hajawahi kupewa chai bila maziwa."

"Basi hii umeikaribisha mpaka imezibwa pumzi," alisema Mugambi, akafungua ekzosi.

Ndani mna wavu mdogo wa waya ambao moshi hupitia. Ulikuwa umeziba kabisa, mweusi, tabaka juu ya tabaka. Mugambi aliukwangua kwa brashi ya waya. Chembe ya kwanza ya masizi ikaangukia gunia, ikasema kwa sauti ya katekista: "Mimi hiyo kwaya, Mungu anisamehe, ningeihamishia Isiolo."

"Masizi ya maneno," alisema Mugambi, akapuliza brashi. "Niliwahi kusafisha moja kule Muthara. Ilikuwa na mnada mzima wa mbuzi ndani. Tulianza Jumamosi tukamaliza Jumanne."

Ilikuwa rahisi kuona yalivyoingia. Pale Ruiri ukinong'ona kwenye shamba la mahindi, jioni unaulizwa habari hiyo dukani. Kwa hiyo mwenye siri alimwambia mwenzake, "Twende kwa Kiunga," wakasimama kando ya mashine na kuongea wanavyotaka. Hakuna aliyewasikia, na Kiunga mwenyewe alikuwa ameziba masikio. Lakini mashine huvuta hewa, na hewa ile ilikuwa na maneno. Vifuniko vitatu vya oili vikayanatisha.

Njura, mwenyekiti wa mradi wa maji, alikuwa hapo akingoja tairi lake lizibwe. Alisikiliza chembe tatu, akainuka kwenye benchi.

"Mugambi, si hiyo wavu huwa mnachoma tu na moto? Dakika kumi, kazi imeisha. Harambee ni kesho kutwa, bana!"

"Hiyo ni kweli," alisema Mugambi. "Nikichoma, nguvu inarudi saa hiyo hiyo, lakini maneno yanaenda na moshi. Nikipiga brashi, yanatoka kwa zamu. Ya juzi kwanza, ya zamani mwisho. Amua, mzee."

Kiunga alihesabu kwa vidole. Walikuwa Julai. Chini ya Julai kulikuwa na Juni, chini ya Juni kulikuwa na Mei, na chini kabisa, Aprili.

"Piga brashi," alisema.

"Na uwanja?" aliuliza Njura.

"Uwanja hauna pikapu."

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamekuja kuchukua maneno yao. Walikaa juu ya matairi ya zamani, wakapeana njugu karanga. Chembe moja ilitangaza, kwa sauti ya Ciku, kwamba mbuzi aliyekula sukuma za wifi yake hakuwa wa jirani, alikuwa wake. Wifi alikuwa ameketi tairi la pili.

"Nilijua," alisema wifi. "Alikuwa na kengele ya kanisa lenu."

Wakacheka mpaka Ciku akatoa ahadi ya miche. Kisha wakaja Nyamu saba, chembe baada ya chembe, wote kwa sauti yake moja, wakijizoeza namna ya kumweleza mkewe kwamba ameuza redio. Mkewe aliwasikiliza wote kwa makini, akasema yule wa tatu ndiye aliyesema vizuri, na huyo amemsamehe. Wale sita wengine wangeonana naye nyumbani.

Saa nane walifika Mei. Chembe kubwa kama punje ya mahindi ikaanguka, ikasema kwa sauti nzito: "Geuza paipu hapo kwa kona, ilete kwa avokado zangu. Wakiuliza, waambie ndovu alikanyaga."

Watu walimtazama Njura. Njura aliitazama chembe.

"Sauti ni yangu," alisema. Akaiokota, akaifunga kwa leso, akaitia mfukoni. "Lakini mambo ya maji huongelewa kwa mkutano, si kwa gereji."

Watu waliona kwamba hapo, kwa utaratibu, mwenyekiti ana haki. Wakamuuliza mkutano utakuwa lini. Akasema utakuwa siku utakapoitishwa na mwenyekiti.

"Na ndovu?" aliuliza Ciku.

"Ndovu pia alipita," alisema Njura, akaenda kuangalia tairi lake.

Saa tisa kasoro dakika chache pikapu ya Njuki ilipita ikipiga honi, ikasimama mbele ya hoteli. Kiunga alisikia sufuria zikigongana zikipakiwa. Mugambi hakuharakisha. Masizi ya Aprili yalikuwa magumu, yameshika waya kama ukoko kwenye chungu. Alikwangua, akageuza wavu, akakwangua tena, na chembe ikaanguka ikiwa na sauti ya Wawira, wazi kama yuko pale.

"Zima hiyo kelele, utoe hizo vitu kwa masikio, halafu uniulize tena kama mtu!"

"Kwani aliulizwa nini?" alisema Ciku.

Mugambi akapiga brashi mara moja zaidi, maana swali lilikuwa chini ya jibu. Sauti ya Kiunga ikatoka, nyembamba kuliko alivyodhani: "Mama Njuki, mimi nimechoka kula peke yangu. Tuoane."

Kisha mke wa Nyamu akasema, "Funga hiyo ekzosi haraka, wewe Mugambi, unangoja nini?"

Mugambi akarudisha wavu, akakaza bolti. Kiunga alichukua mashine akavuka barabara, na watu wakamfuata kwa nyuma, wakiwa bado na njugu mikononi.

Pikapu ilikuwa imejaa: viti, meza, sufuria, kibao cha hoteli. Wawira alikuwa amesimama kando ya mfereji mkavu, akifunga kitambaa kichwani. Kiunga alifika mbele yake akakwama, kwa sababu aliambiwa azime kwanza, na hakuwa na kitu cha kuzima. Kwa hiyo alivaa vifuniko vya masikio, akavuta kamba. Mashine ililia kama siku ilipotoka dukani. Alizungusha mara moja, na nyasi zote zilizouzunguka mfereji zikalala chini, hazikuinuka tena.

Wawira akakunja mikono.

Kiunga akazima. Akatoa vifuniko. Kulikuwa kimya hivi kwamba mfuniko wa sufuria ulisikika ukijilaza vizuri kwenye pikapu.

"Mama Njuki," alisema, "mimi nimechoka kula peke yangu. Tuoane."

"Miezi mitatu, Kiunga," alisema Wawira. "Miezi mitatu nangoja mwanaume mzima azime mashine."

"Ilikuwa imeziba."

"Si mashine ndio ilikuwa imeziba." Akageuka. "Njuki, shusha hizo sufuria."

"Mami, zote?"

"Zote. Uanze na ile ya chai."

Siku iliyofuata uwanja wa harambee ulikatwa kabla ya saa nne. Mwezi wa Agosti Kiunga alipeleka asali na mbuzi kwa ndugu za Wawira kule Siakago, akaongea nao kwa sauti ya kawaida, wakakubaliana. Siku hizi anatia kifuniko kimoja cha oili, ingawa kinamuuma. Mwenyekiti, akiwa na neno la maji, huenda kusimama kando ya mashine ya kusaga mahindi.

Mkutano haujaitishwa. Mfereji bado ni mkavu. Kila asubuhi Kiunga huenda mtoni na punda na mitungi minane, na njia inapita kando ya shamba la Njura, ambapo paipu inadondosha maji mchana na usiku. Njura humsalimu vizuri sana, humshikia punda mahali penye matope. Na siku ya harusi alileta gunia zima la maparachichi, wageni wakala, wakamsifu mbele ya kila mtu. Yalikuwa makubwa, laini, hayajawahi kukosa maji hata siku moja.