Maji Hayazimi Pilipili

Mama Achari, kama wateja wake walivyomwita kwa ajili ya pilipili alizosindika na kuziuza kwa chupa, alikuwa amejiapiza: mumewe hataisikia sauti yake mpaka amwombe radhi. Juzi, mbele ya mashemeji, huyo mume, fundi saa, alisema mkewe anaweza kuunguza hata maji. Watu wakaangua kicheko. Mama Achari naye akacheka, kicheko cha meno tu, huku moyoni ameumia kwelikweli.

Asubuhi hii aliamshwa na bomba la uani. Fundi alikuwa ameinama pale, anasugua mikono na kuipuliza, anasugua na kuipuliza. Jikoni, kapu zima la pilipili lilikuwa limeshakatwa, vipande vyembamba vilivyolingana. Glavu za kukatia zilikuwa bado msumarini, hazijaguswa.

Akaelewa. Kiburi kilimnyima mzee neno, basi ameomba radhi kwa kisu.

“Pilipili usiyoila yakuwashiani?” akajisemea, akajimiminia chai. Lakini fundi alizidi kufungulia maji, na kuvipuliza vidole. Akaweka kikombe chini, akatoka uani.

“We mzee, toka kwenye maji!”

Fundi akageuka, mdomo wazi. “Umesema na mimi?”

“Nimesema toka! Chumvi ukiitia majini inapokewa, inayeyuka, huioni tena. Ukali wa pilipili si wa ukoo huo. Maji hayaupokei, yanautembeza tu kidole hadi kidole. Ndugu yake ni mafuta.”

Akammiminia mafuta ya kupikia viganjani, akamsugua polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akachukua sabuni.

“Na hiyo ya nini tena?”

“Huyu ndiye mshenga. Mafuta na maji hawasikilizani, basi yeye anashika mafuta huku, anashika maji kule, wanaondoka wote.”

Fundi akapumua. Moto ulikuwa unapungua.

“Mke wangu, kuna neno limenikwama tangu juzi.”

“Litoe. Nimekushika mikono, utakimbilia wapi?”

“Nisamehe. Niliwachekesha watu kwa kukuumiza wewe.”

Mama Achari alidhani atafurahi kwa kushinda. Badala yake machozi yakamtoka, mengi, na hakuyaonea haya. Akainua mkono ayafute.

Fundi akaudaka hewani. “Pilipili hiyo!”

Akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa bega la shati lake.