Viatu vya Mwalimu

Fundi viatu na mumewe walikuwa na mazoea ambayo majirani wa karakana waliyaona ni ya kupoteza muda: kila mwezi walifunga duka mapema, wakaenda kuwatembelea wateja waliokwisha kununua. Mume alibeba gundi na nyundo. Fundi alibeba macho yake.

Safari hii walikuwa wakivutana. Mume alitaka viatu vya wagonjwa wa kiharusi viwekewe soli nene. "Tusikate ngozi kwanza," fundi alisema. "Twende tukaone jinsi vinavyovaliwa."

Walimkuta mwalimu mstaafu, mkono wake wa kulia umepooza, amekaa sebuleni na soksi tu miguuni.

"Viatu vinakwendaje, Mwalimu?"

"Vizuri mno! Sina la kulalamika, mwanangu."

Mume akamkonyeza mkewe: basi, twende zetu. Fundi akajifanya hakuona. "Hebu vivae nikuone."

Mwalimu akatazama dirishani. Ikabidi mke wa mwalimu atoke jikoni, mikono bado na maji. Akashika kiti, akajishusha taratibu, goti moja kisha la pili, akamvisha viatu, akafunga kamba. Kuinuka ikawa kazi. Mwalimu akamnyooshea mkono ulio mzima, akamvuta.

"Siku hizi hatoki kabisa," mama akasema huku anahema. "Eti hana hamu."

"Hamu ninayo," mwalimu akajibu kwa sauti ya chini. "Sipendi tu uumie magoti kwa ajili yangu."

Mama akaketi kwenye mkono wa kiti, kando ya bega lake. "Mzee wewe! Mimi nikadhani umechoka kutembea na mimi."

Njiani mume hakutaja soli tena. Walitengeneza kiatu kinachofunguka hadi vidoleni, chenye mkanda mmoja wa kunata wa kuvutwa kwa mkono wa kushoto. Walipompelekea, mwalimu aliupapasa mkanda, ukamponyoka.

"Huu mfupi, mwanangu. Unanisumbua."

Fundi alifurahi kuliko kama angesifiwa. Akaurefusha.

Mwezi uliofuata walibisha hodi, kimya. Jirani akachungulia. "Mnamtaka mwalimu? Katoka na mkewe tangu asubuhi. Wanazurura kama wachumba!"

"Tuwasubiri?" mume akauliza.

"Ya nini? Si tumeshajibiwa." Fundi akampokonya mumewe nyundo, akamshika mkono, wakashika njia kwenda kwa mteja mwingine.