Chungu cha Nyuma ya Migomba

Kwetu Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, chungu hakinunuliwi kwa macho. Mnunuzi hukigonga kwa vidole, akasikiliza mlio wake, ndipo akaamua. Anayegonga mno halafu asinunue humuudhi mama yangu, Damaris, naye hafichi.

Siku moja sokoni Matema, Bwana Arumugam, Mtamil kutoka India aliyekuwa fundi wa mashine za mpunga kule Ipyana, alitupigia santuri ya wimbo wa filamu ya kwao. Chini ya sauti ya mwimbaji kulisikika chungu kikigongwa kwa haraka.

“Anayepiga ni mdogo wangu,” alisema. “Siku ya kupiga filamu hiyo, picha na muziki vilichukuliwa kwa pamoja, kwa hiyo yeye alikaa nyuma ya migomba asionekane kwenye picha.”

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

“Chungu ni kizima, kimechomwa kikaiva,” alisema. “Lakini huyo amekigonga wimbo mzima. Alikinunua?”

“Hapana, mama. Alikichukua jikoni kwetu bila kuomba.”

Mama aliitikia kwa kichwa, akarudi kupanga vyungu vyake, ameridhika kabisa.

“Ndiyo maana alijificha.”