Tonge la Kwanza

Kwetu Bungoma, ukimkaribisha mtu busaa, pombe yetu ya nafaka ya kunywa kwa mirija, wewe mwenye nyumba unakunywa kwanza. Wanaita kutoa uchawi. Unameza huku mgeni anakutazama koo, ndipo naye anashika mrija wake. Mke wangu Wilkister ni mtu wa kanisa, busaa hajaionja maishani, lakini desturi yenyewe aliitoa kwenye chungu akaileta mezani petu hapa Kitengela. Alifanya hivyo kwa ajili ya kijana wetu, Wamalwa.

Wamalwa alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda chake karibu na stendi, na mikono yake ilitulia kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Kisha redio zikaanza kumtaja jina. Ndivyo alivyotuambia, nami, mtu wa hasira za karibu, nikamwambia aache upuuzi. Siku moja akaondoka kwa miguu kuifuata barabara ya Namanga, na mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akichunga ng'ombe akamkuta Kisaju, amekaa chini bila viatu, anabishana na hewa. Hospitalini Kajiado wakatuambia jina la ugonjwa, skizofrenia, wakampa tembe.

Sauti zilinyamaza, lakini tembe zilimkaza mwili. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Siku moja shingo ilimgeuka ikakwama, wakamwongezea tembe nyingine za kuulegeza mwili. Hata hivyo mikono iliendelea kutetemeka, akashindwa kushika kile chuma cha moto cha kuunganisha nyaya. Mwaka wa 2004, baada ya Pasaka, akazimwaga dawa zile chooni.

"Mniache na sauti zangu," alisema. "Angalau nikiwa nazo niko na mikono."

Mimi nilifoka. Mama yake alitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka, na ukimjua Wilkister, hapo ujue ameogopa.

Sauti zikarudi, safari hii na neno jipya: chakula kimetiwa kitu. Wamalwa akagoma kula. Mashavu yaliingia ndani, shati likaanza kumning'inia. Ndipo mama yake alipoanza mambo yake ya kutoa uchawi. Alipakua ugali na mrenda, ile mboga ya kuteleza, akaketi mbele yake, akamega tonge la kwanza, akachovya, akameza.

"Ona, papa. Nimeonja."

Kijana mzima, ndevu zimejaa, anaitwa papa, yaani baba, kama mtoto anayebembelezwa! Alicheka kidogo, akala. Siku za wasiwasi mwingi alimwambia, "Ongeza, mama," naye akaongeza, tonge baada ya tonge, mpaka wakawa wanakula bakuli moja nusu kwa nusu. Mimi nilikula pembeni kwenye sahani yangu, nikiona wivu wa kijinga.

Ambacho sikukijua ni kwamba Wilkister alikuwa amerudi Kajiado peke yake, akachukua tembe upya, na kila jioni alizisaga kwa kitako cha chupa akazikorogea kwenye mrenda. Mrenda unateleza na una munyu, unaficha mengi. Na kwa kuwa mtoto hakula asichoonja mama, naye mama alikula.

Wamalwa akaanza kupata nafuu. Alioga bila kusukumwa, akalala, akauliza habari za shangazi yake. Kanisani walishukuru kwa maombi kujibiwa, na mke wangu akashukuru pamoja nao, macho chini. Lakini yeye mwenyewe alianza kuzubaa. Alianza maneno asiyamalize. Nilimtania kwamba uzee umepotea njia, umemfikia yeye kabla yangu. Alijaribu kucheka, na uso haukucheka.

Jumapili moja tumetoka ibadani, nikasikia sahani imeanguka jikoni. Nilimkuta Wilkister ameshikilia meza, shingo imejipinda hadi sikio limegusa bega, macho yameganda kwenye mabati, taya imefunga. Nilidhani ni kiharusi. Sioni aibu kusema kwamba nilipiga kelele.

Wamalwa aliingia, akamtazama mama yake mara moja tu.

"Baba, wacha kelele. Si stroke hii. Ni ile ya shingo, ilinishika mimi."

Alikimbia chumbani kwake akarudi na kikopo. Zile tembe za kulegeza mwili hakuwa amezimwaga, alikuwa amezihifadhi. Alipenyeza moja kati ya meno ya mama yake, akamnywesha maji kwa kijiko, akamketisha chini, akaketi naye sakafuni akiwa amemshika kichwa kwa mikono yake miwili, iliyokuwa imeanza tena kutetemeka.

"Pole pole, mama. Usipigane nayo. Itakuachilia."

Sijawahi kumpenda mwanangu kama saa ile. Na ilikuwa saa ile ile alipotambua kila kitu, maana shingo ilipoanza kulegea aliuliza, sauti ya chini kabisa, "Mama, dawa yangu umeikula wapi?"

Macho ya Wilkister yaliposhuka kutoka kwenye mabati, yalikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya mrenda.

"Kumbe," Wamalwa alisema. "Na ukaonja."

"Ungekufa, papa. Ulikuwa unakufa nikiangalia."

"Hiyo kuonja ndiyo kitu tu nilikuwa naamini."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, maana kelele ni kazi yangu.

Wamalwa alikubali kwenda nasi Kajiado. Sista Munyiva, muuguzi wa kliniki ya akili, alitusikiliza wote, akasema kuna sindano ya mara moja kwa mwezi, hakuna tena mambo ya kumeza wala kuficha. Mimi nilisema adungwe hapo hapo, tumalize. Wilkister alinishika mkono.

"Ngoja, Baba Wamalwa. Mwenye mwili ako hapa." Akamgeukia Sista. "Mimi nimeikula hiyo dawa. Nilikuwa nataka kulia na machozi haitoki. Nilikuwa nakaa, mwili inataka kusimama. Nasimama, inataka kukaa. Huyu amevumilia hivyo, na sisi tukamwita mkaidi. Muulize yeye kwanza."

Sista alimuuliza. Wamalwa akasema sindano hataki, kwa sababu ikishaingia huwezi kuitoa. Tembe atameza, lakini zipunguzwe, na zile za kulegeza apewe kila siku, si mpaka akwame.

"Na nimeze mwenyewe," alisema. "Mtu asinisaidie."

Sista alipunguza, akamwambia sauti zikirudi aseme mapema. Zilirudi kidogo, akasema, wakarekebisha. Imechukua muda, lakini mikono imetulia kiasi cha kushika kile chuma cha moto. Juzi alitengeneza redio ya jirani, nikasimama nje ya kibanda nikisikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, na sikusikia hata neno moja, macho yalikuwa mikononi mwake.

Kila jioni humeza dawa yake mbele yetu, bila kuombwa. Halafu hutoka nje na jiko lake dogo, huchemsha mayai na kuyamenya mwenyewe, maana ndani ya ganda hakuna wa kukoroga kitu.

Mama yake hajaacha kumpakulia. Huweka bakuli mbele ya kiti chake, huketi, humega tonge la kwanza, huchovya kwenye mrenda usio na kitu ila munyu, humeza, kisha husubiri. Wamalwa hupita akimgusa bega.

"Asante, mama. Nimeshiba."